Fahamu: Prodyuza wa mieleka hufanya kazi gani?

Vijana wa Mpendae, Zanzibar, wanaotazama mieleka ya kampuni ya WWE humjua anayebeba mkanda. Aliyelipanga pambano hawamjui. Huyo ndiye prodyuza, na mara nyingi ni mwanamieleka mstaafu.

Mfano ni nani?
TJ Wilson wa Calgary, Kanada, aliyepigana kwa jina la Tyson Kidd. Alifunzwa na familia ya Hart, inayosifika kwa ukumbi wake wa mazoezi chini ya nyumba. Februari 2015, yeye na mwenzake Cesaro walitwaa ubingwa wa wawili wawili wa WWE.

Kwa nini aliacha ulingo?
Juni 2015 aliumia vibaya shingo akipambana na Samoa Joe. Alifanyiwa upasuaji na kutiwa skrubu nne. Hakupigana tena, na mwaka 2017 WWE ilitangaza kwamba ni prodyuza.

Kazi yenyewe ikoje?
Mshindi huwa ameshaamuliwa. Prodyuza hukaa na wapiganaji, wakakubaliana mitupo, mianguko na mwisho wa pambano. Onyesho likianza, hukaa nyuma ya pazia na hedifoni masikioni. Muda ukibana, humwambia refa, naye huwanong'oneza wapiganaji wafupishe. Wilson anajulikana zaidi kwa mapambano ya wanawake.

Afrika Mashariki je?
Mukono, Uganda, Daniel Bumba, maarufu Bumbash, aliyekuwa akitangaza mieleka kwa Kiganda, alianzisha kundi la mieleka la Soft Ground Wrestling mwaka 2023. Vijana wake hupigana kwenye ulingo wa tope.

Wazazi, waonyeni watoto: mitupo ile hufanywa na waliofunzwa. Isijaribiwe uani.