Leso, doti na hesabu ya Sheikh Hashid

Mwombe muuza nguo wa Tabora leso, naye atakupa kitambaa cha kufutia jasho. Wa Mombasa atakukunjulia vazi zima la mwanamke, lile ambalo Tabora huitwa kanga. Neno ni moja, lenço ya Wareno, kitambaa chepesi cha mkononi au cha kichwani.

Kitambaa kilivyogeuka vazi husimuliwa hivi: katika karne ya 19 vitambaa vya rangi viliuzwa Unguja vikikatwa kimoja kimoja kutoka kwenye jora. Wanawake wakataka sita kwa mkupuo. Wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu. Simulizi haiwataji majina wabunifu hao, ambao kazi yao viwanda vya Ulaya vilikuja kuichapa.

Na huko bara nguo zilifikaje?

Mwalimu wetu wa njia ya misafara ya Tabora ni Sheikh Hashid, mfanyabiashara Mwarabu wa Unguja. Mwanzoni mwa 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda bara kumtafuta mmisionari David Livingstone, hakujua abebe nguo kiasi gani za kununulia chakula njiani. Sheikh akampa hesabu, naye akaiandika. Chakula cha watu 100 ni doti 10 kwa siku, kila doti yadi 4. Kwa mwaka achukue merikani (kitambaa cha pamba cha Marekani) doti 2,000, kaniki (kitambaa cha buluu iliyokolea) 1,000 na nguo za rangi 650.

Ukizijumlisha unapata 3,650. Ni doti 10 mara siku 365, haikupungua wala kuzidi hata moja! Huyo ni mtu aliyeujua msafara mpaka kwenye sahani ya jioni.

Tena alijua wateja. Kati ya nguo hizo za rangi, sohari ilikubalika Ugogo, kwenye hongo nzito, yaani ushuru wa kupita. Barsati ndiyo iliyopendwa Unyamwezi, nchi ya Tabora. Aliyefunga mzigo pwani ilimbidi ajue jicho la mnunuzi aliye mbali mwendo wa miezi. Stanley mwenyewe alifika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwezi Juni.

Kwa nini barsati? Stanley hakuandika sababu. Leso nayo haimo katika orodha ya Sheikh. Je, lilipofika Tabora neno lilikuwa bado la kitambaa kidogo, au vazi lilitangulia kisha likapokonywa jina?

Doti haikupotea. Mwanamke wa Tabora bado hununua kanga kwa doti, ila yake ni vipande viwili pacha, kimoja cha kujifunga, kingine cha kujitanda.