Bapa Lilelile, Mpini Mwingine

Mtoto wa Kenya au Tanzania hachanjwi surua akizaliwa. Husubiriwa hadi afikishe miezi 9. Sababu kubwa ni kwamba damuni bado anazo kingamwili za mama yake, aina ya IgG, zilizopenya kondo la nyuma akiwa tumboni. Zingeizima chanjo kabla mwili wake mwenyewe haujajifunza kitu.

Lakini mama hakuanza na IgG. Alipochanjwa au kuugua, seli zake B zilitoa kwanza IgM: kingamwili tano zilizoshikana, zenye sehemu 10 za kunasia adui. Furushi hilo halipiti kwenye kondo. Ili mtoto naye akingwe, seli ilipaswa kubadili mkia wa kingamwili bila kugusa ncha zinazoitambua surua. Mkulima ataelewa upesi: bapa la jembe ni lilelile, kinachobadilishwa ni mpini.

Kinachonistaajabisha ni namna seli inavyoubadilisha. Kwa kawaida seli hulinda jeni zake kwa wivu. Seli B huzikata kwa makusudi. Kwenye kromosomu namba 14 mipini imepangwa foleni, wa IgM ukitangulia, ya IgG, IgA na IgE ikifuata. Karibu kila mmoja umetanguliwa na kipande kirefu cha DNA kinachojirudiarudia. Hapo ndipo kinapofanya kazi kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, ilikitangaza mwaka 1999. Hugeuza herufi C kuwa U, herufi isiyo na mahali kwenye DNA. Vimeng'enya vya ukarabati huja kuing'oa, na katika kung'oa huko nyuzi zote mbili hukatika, mahali pawili. Ncha za mbali huungwa. Kipande cha katikati, pamoja na mpini wa IgM, hujikunja kama pete na kupotea, ndiyo maana seli iliyohamia IgG hairudi tena nyuma.

Mpini upi uchukuliwe, hutegemea ujumbe unaoifikia seli, hasa kutoka kwa seli nyingine za kinga, seli T. Penye minyoo au mzio, ujumbe uitwao interlukini-4 huielekeza kwenye IgE. Utumboni huelekezwa kwenye IgA, ile iliyojaa katika dang'a ya mama. Mwaka 2000 walielezwa wagonjwa waliozaliwa na AID mbovu: IgM tele, IgG na IgA hakuna, na maambukizi yasiyokoma.

Mkasi huu una hatari yake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Baadaye ilibainika kwamba katika saratani hiyo jeni ya MYC inayochochea seli kugawanyika, ya kromosomu namba 8, mara nyingi imeunganishwa kimakosa jirani na jeni za kingamwili kwenye namba 14, ambako huwaka bila kuzimwa. AID ndiyo inayoshukiwa zaidi. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba malaria ya muda mrefu huifanya ikate kupita kiasi, na saratani ya Burkitt hushika zaidi watoto wa maeneo yaleyale ambako malaria imekithiri.