Soriasisi, Sonona na Kile Kinachorithiwa

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi usioambukiza, unaotokea pale kinga ya mwili inapozichochea seli za ngozi zizaliane kwa siku chache badala ya wiki kadhaa, hata zikarundikana na kuwa mabaka mazito yenye magamba. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi huwa ya zambarau au kijivu, si mekundu kama yanavyoonyeshwa katika vitabu vingi. Kwa muda mrefu huzuni ya wagonjwa ilihesabiwa kuwa tunda la kunyanyapaliwa tu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutokana na rekodi za matibabu za Uingereza ulibaini kuwa hatari ya wenye soriasisi kupata sonona, yaani huzuni nzito na ya kudumu inayomwondolea mtu hamu ya maisha, iliizidi ile ya wasio na soriasisi kwa asilimia 39, na ile ya ugonjwa wa wasiwasi kwa asilimia 31.

Sehemu ya uhusiano huo hutafutwa katika jeni, yaani maelekezo ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake. Jeni yenye uzito mkubwa kuliko zote katika soriasisi, HLA-C, imo katika eneo la kromosomu ya 6 lililosheheni jeni za kinga, na katika eneo hilohilo, mwaka 2016, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa jeni ya C4 huongeza hatari ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au ashikilie imani zisizo na msingi. Hata hivyo, kukaa mtaa mmoja si kuwa ndugu: jeni za eneo hilo hurithiwa kwa mafungu, hivyo ni vigumu mno kubainisha ipi inasababisha nini. Sonona nayo hutokana na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo sana, na urithi hueleza takriban asilimia 37 tu ya tofauti za watu katika kuupata ugonjwa huo. Hata pacha wa yai moja wa mgonjwa wa soriasisi mara nyingi haupati ugonjwa huo wa ngozi, kwa hiyo familia isiuchukulie urithi kuwa hukumu.

Lililo zito zaidi ni uvimbe wa ndani kwa ndani, kwani kemikali za kinga kama TNF, zinazowasha ngozi, husafiri katika damu na kuathiri ubongo pia. Katika jaribio la wagonjwa 618 lililochapishwa mwaka 2006, waliopewa etanersepti, dawa inayoizuia TNF, walipata nafuu ya dalili za sonona kuliko waliopewa dawa bandia, na nafuu hiyo haikufuatana sana na kiwango cha kusafika kwa ngozi zao. Daktari anayepima mabaka bila kuuliza habari za usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujiua anamtibu mgonjwa nusu.