Opereta kwa idadi ya vitendwa

Opereta katika hisabati na programu za kompyuta ni alama inayoonyesha tendo la kufanywa. Namba au thamani inayofanyiwa tendo hilo huitwa kitendwa. Katika 7 + 2, alama + ni opereta, na vitendwa ni 7 na 2.

Majina

Opereta hupewa jina kulingana na idadi ya vitendwa vyake:
* Unari: kitendwa kimoja, kwa mfano alama ya hasi (−5), kipeuo cha pili (√9) na faktoria (4! = 24).
* Binari: vitendwa viwili, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.
* Tenari: vitendwa vitatu.

Majina hayo yametoka Kilatini. *Bini* maana yake ni "wawili wawili" na *terni* ni "watatu watatu", lakini *unus* ni "moja" tu. "Mmoja mmoja" ni *singuli*. Kwa sababu hiyo mwanamantiki Alonzo Church alitumia neno "singulari" katika kitabu chake cha 1956, lakini "unari" ndilo lililoenea. Wengine hutumia majina ya asili ya Kigiriki, monadi na diadi, kama katika lugha ya kompyuta ya APL.

Opereta binari isichanganywe na mfumo wa namba wa binari, unaotumia tarakimu 0 na 1 pekee.

Alama moja, kazi mbili

Alama − ni binari katika 8 − 3, lakini ni unari katika −3. Kanuni ya MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), inayofundishwa katika shule za Tanzania, hupanga matendo binari tu. Haisemi lolote kuhusu alama ya hasi wala vipeo. Katika hisabati, −3² ni −9, kwa kuwa kipeo hutangulia, ilhali (−3)² ni 9. Lugha ya Python hufuata kanuni hiyo, lakini Microsoft Excel ikiandikiwa =-3^2 hujibu 9, kwa sababu hutanguliza hasi. Mabano huondoa utata huo.

Opereta tenari

Katika lugha ya C, opereta tenari ni ?: ambayo huchukua sharti na majibu mawili. Kwa mfano, katika umri >= 18 ? 1 : 0, jibu ni 1 sharti likitimia, la sivyo ni 0.