Kuchuchumaa na Chuma Mabegani

Kuchuchumaa na chuma mabegani hujenga mapaja, makalio na mgongo kwa mpigo mmoja. Chuma cha mashindano ya wanaume kina uzito wa kilo 20 kabla hakijaongezwa chochote. Cha wanawake, kilo 15. Anayeanza hahitaji kuongeza kitu mpaka mwendo wenyewe umkae mwilini.

Chuma hulazwa juu ya nyama ya mabega, chini ya ule mfupa unaochomoza nyuma ya shingo, kamwe si shingoni penyewe. Miguu hutanuliwa kiasi cha upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo. Kabla ya kushuka, pumzi huvutwa mpaka tumboni, ikazuiwa, na tumbo likakazwa: mkazo huo ndio unaoushikilia uti wa mgongo. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Magoti hufuata vidole vinakoelekea, visigino havibanduki, na mtu hushuka hadi mapaja yalale sawa na sakafu, ilimradi mgongo usipinde.

Ajali mbaya ni kukwama chini na mzigo. Kinga yake ni nguzo zenye vyuma vya kudakia, vikiwekwa chini kidogo ya pale chuma kinapoishia mtu anaposhuka, au wasaidizi wawili, mmoja kila ncha.

Pasipo na vifaa vya dukani, Garissa kama kwingineko Kenya, vijana hujiundia: bomba la chuma, kopo la saruji kila upande. Ubunifu huu ni wa kuheshimiwa, lakini makopo mawili yanayofanana huweza kupishana uzito, kwa kuwa kokoto na mchanga havikuingia kwa kipimo kimoja. Upande mmoja ukilemea, mgongo hujisokota. Kila kopo lipimwe kwenye mizani kabla halijafungwa bombani.

Halafu kuna joto. Machi, Garissa hupita nyuzi 35 mchana, na mwaka 2025 Ramadhani iliangukia mwezi huohuo. Jasho hutelezesha chuma mgongoni. Fulana ya pamba husaidia. Aliyefunga asibebe mzigo mzito mchana, kwani upungufu wa maji huleta kizunguzungu. Wakati mzuri ni usiku baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshanywewa tangu futari. Kichwa kikianza kuzunguka, chuma hurudishwa kwenye nguzo na zoezi la siku hiyo huishia hapo.