Muungwana ni Kitendo: Huckleberry Finn na Dhamiri ya Watu wa Pwani

Ni riwaya chache za Marekani zilizosomwa na kugombaniwa kama Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain. Ilitoka Uingereza mwezi Desemba 1884 na Marekani mwezi Februari 1885. Mwezi uliofuata maktaba ya mji wa Concord, katika jimbo la Massachusetts, iliipiga marufuku kwa hoja kwamba ni takataka. Zaidi ya miaka 140 imepita na ugomvi haujesha. Sisi tunaona kwamba riwaya hii ina neno la kutuambia sisi wasemaji wa Kiswahili pia, na leo tungependa kulieleza.

Kisa chenyewe kinafahamika. Huck ni mtoto wa miaka 13 au 14 hivi, baba yake ni mlevi asiyemjali. Mjane mmoja wa mjini amemchukua kumlea, na dada wa mjane huyo, Miss Watson, anamfundisha kusoma, kukaa kwa adabu na kusali. Miss Watson huyo huyo ana mtumwa, jina lake Jim. Jim anaposikia kwamba bibi yake anafikiria kumuuza New Orleans kwa dola 800, anatoroka. Anakutana na Huck kisiwani, na wawili hao wanateremka mto Mississippi kwa chelezo.

Msomaji aangalie hapo. Miss Watson si jambazi. Machoni pa mji ni mwanamke mcha Mungu, tena mwalimu wa maadili. Anayefundisha Biblia ndiye anayepiga hesabu ya kumtenga mtu na mkewe na watoto wake. Wala hakuna katika mji anayeona kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Dhamiri iliyofundishwa vibaya

Jambo zito katika riwaya ni kwamba Huck naye haoni. Hajui kwamba utumwa ni dhuluma. Amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na wizi ni dhambi. Kwa hiyo kila anapomsaidia Jim, dhamiri yake inamsuta. Wanapotokea watu wawili wanaosaka watoro, anawafanya waamini kuwa kwenye chelezo kuna mgonjwa wa ndui, nao wanakimbia. Badala ya kujipongeza, anajiona mtoto mbaya asiyeweza kutenda haki.

Mwishowe anamwandikia Miss Watson barua ya kumwambia Jim alipo. Anajisikia safi, kama aliyetubu. Kisha anakumbuka jinsi Jim alivyokuwa akikesha zamu yake ili yeye alale. Anaichana barua, akikubali moyoni kwamba kwa tendo hilo ataingia motoni.

Twain alijua alichokuwa akiandika. Alizaliwa mwaka 1835, akakulia Hannibal, Missouri, katika nyumba iliyowahi kumiliki watumwa. Alipokuwa mzee alisimulia kwamba utotoni hakumsikia mtu yeyote akiulaumu utumwa, na kwamba mimbarini waliambiwa Mungu ameuridhia. Mwaka 1895 aliandika katika daftari lake kwamba riwaya hii ni ya moyo mzima kupambana na dhamiri iliyopotoshwa, na dhamiri ndiyo ikashindwa.

Neno tunalojivunia

Sasa turudi kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki tunapotaka kumsifu mtu mwenye tabia njema tunasema ni muungwana. Ni mara ngapi tunakumbuka maana ya kwanza ya neno hili? Muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Uungwana ulikuwa daraja ya kuzaliwa kabla ya kuwa tabia. Kwa maneno mengine, sifa yetu kubwa ya maadili imetoka katika kumiliki na kumilikiwa. Aliyekuwa nje ya mstari huo, yaani mtu wa bara, aliitwa mshenzi, neno ambalo mpaka leo tunalitupa ovyo.

Lakini watu wa chini hawakukubali neno hilo libaki la mabwana. Katika misafara ya karne ya 19, wapagazi na walinzi waliotoka pwani walijiita waungwana, ingawa baadhi yao walikuwa watumwa, na Kiswahili kilichoenea mashariki ya Kongo kikaja kuitwa Kingwana. Methali nayo ikakata shauri: muungwana ni kitendo. Huck, mtoto wa mlevi anayelala ndani ya pipa, angeielewa methali hiyo mara moja.

Tende, lulu na Marekani

Makala haya tunayaandika Hatta, mji wa milimani ulio chini ya Dubai lakini umezungukwa zaidi na ardhi ya Oman. Wageni huja hapa kupiga makasia katika ziwa la bwawa na kupiga picha ngome ya mwaka 1896. Wachache hujua kwamba mji huu ulikuwa wa Oman, na kwamba katika karne ya 19 uliingia mikononi mwa ukoo wa Al Maktoum kutoka kwa Turki bin Said, ndugu yake Barghash wa Zanzibar. Historia yetu na ya hapa ni moja.

Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari tarehe 5 Juni 1873, akishinikizwa na Waingereza. Utumwa wenyewe Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya sheria mpaka mwaka 1909. Katika nchi zinazoitwa leo Falme za Kiarabu ulipigwa marufuku mwaka 1963, na Oman mwaka 1970.

Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonyesha kwamba Waafrika wengi waliletwa Ghuba kwa sababu dunia ilitaka lulu na tende. Na soko moja kubwa la tende za Oman lilikuwa New York. Yaani katika miaka ile ile Twain alipokuwa akiandika, Mmarekani aliyejisifu kwamba nchi yake imefuta utumwa alikuwa akila tende zilizomwagiliwa na mtumwa.

Nani anatoa uhuru?

Wakosoaji wa Twain wana hoja. Neno la kuwatukana watu weusi limejaa kitabuni, hata mwaka 2011 likatolewa toleo lililoliondoa. Tena sura za mwisho zinamfanya Jim mchezo wa watoto, halafu tunaambiwa kumbe Miss Watson alikwishamwacha huru katika wasia wake. Mwaka 2024 Percival Everett alitoa riwaya ya James, inayosimulia kisa hicho kwa kinywa cha Jim mwenyewe, na mwaka 2025 ikapata tuzo ya Pulitzer.

Sisi tuna jibu letu. Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, kijana Yusuf anatolewa rehani kwa deni la baba yake. Tajiri anayemchukua ni mpole, ananukia vizuri, na kila mtu anamheshimu. Humo yumo mzee mtunza bustani, ambaye alipopewa uhuru aliukataa. Hoja yake ni kwamba hakuna mtu mwenye uhuru wa mwenzake hata amzawadie. Wasia wa Miss Watson unapata jibu lake hapo.

Wapo pia akina Jim wa kweli. Waliotoroka kwenye majahazi ya lulu na mashamba ya mitende walikwenda kwa wakala wa Waingereza Sharjah au kwa konseli Maskati, wakaeleza walivyoibwa utotoni na nani aliyewanunua, wakapewa vyeti vya uhuru. Maelezo yao yamehifadhiwa. Kwetu sisi hayajawa somo la shule wala hadithi ya nyumbani, ingawa katika ngoma ya leiwa ya Ghuba maneno ya Kiswahili bado yanasikika.

Tunaulizwa kwa nini tunafukua makaburi. Jibu ni kwamba tabia haikuzikwa. Tangu mwaka 2017 sheria ya Falme za Kiarabu inampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Hata hivyo bado wapo, na wengine ni Waswahili wenzetu, wanaoifungia kabatini pasipoti ya binti waliyemleta kutoka Mombasa au Tanga, na wanajiona wema kwa sababu wanamlisha na kumwita mwanangu. Nyumbani Afrika Mashariki hata sheria haiulizwi: mtoto wa ndugu maskini analetwa mjini kusomeshwa, anaishia jikoni.

Mara nyingi wa kwanza kuona ni mtoto wa nyumba hiyo, anayekula meza moja na wazazi na kucheza na yule aliye jikoni. Siku atakapouliza kwa nini mwenzake haendi shule, asiambiwe kwamba hana adabu.