Seva za gumzo na hatari ya milango inayojulikana na wote

KILA tarakilishi iliyounganishwa na intaneti ina maelfu ya milango ambayo programu hutumia kupitishia ujumbe. Milango hii si ya mbao wala ya chuma, bali ni nambari tu, kuanzia 1 hadi 65,535. Kurasa za tovuti hupitia 80 na 443, barua pepe hupitia 25, nazo seva za gumzo zina yake.

Gumzo la IRC, lililoasisiwa nchini Finland mwaka wa 1988 na Jarkko Oikarinen, kwa mazoea hupitia 6667, au 6697 pale ujumbe unapofumbwa ili usisomeke njiani. Mfumo wa XMPP, ambao awali uliitwa Jabber, huwapokea watumiaji kwenye 5222 na seva nyingine kwenye 5269.

Nambari hizo zimo katika kila mwongozo, hivyo mtumiaji hana haja ya kuziuliza. Tatizo ni kwamba mwizi naye anasoma mwongozo uo huo.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu ya ZMap. Kwa mtambo mmoja wenye laini ya kasi, iliweza kupiga hodi kwenye mlango mmoja wa kila anwani ya IPv4 duniani, na anwani hizo zinakaribia bilioni nne, kwa muda usiozidi dakika 45. Kwa hivyo anayewasha seva ya gumzo kwenye 6667 akidhani hakuna anayeijua anajidanganya. Isitoshe, seva ya IRC humtajia kila anayeingia jina la programu yake na toleo lake, kana kwamba bawabu anamweleza mgeni aina ya kufuli iliyotumika.

Hasara ya hali hiyo ilionekana Juni 2010. Waundaji wa UnrealIRCd, programu maarufu ya seva za IRC, walitangaza kwamba faili ya toleo 3.2.8.1 ilikuwa imebadilishwa kisirisiri katika baadhi ya hifadhi zao tangu Novemba 2009. Ndani yake mlikuwa na mwanya: yeyote aliyetuma ujumbe unaoanza kwa herufi fulani aliweza kuiamuru tarakilishi ifanye atakalo, hata kama seva ilidai neno la siri. Aliyetaka kuwapata waathiriwa alianzia 6667.

Je, kuhamia mlango mwingine kunatosha? Kunapunguza hodi za ovyo, na hiyo ni nafuu kwa msimamizi anayesoma kumbukumbu za mtambo wake. Hata hivyo, adui aliyemlenga mtu mmoja atajaribu milango yote. Na gumzo lisilofumbwa husomeka njiani, liwe kwenye 6667 au kwingineko.

La muhimu zaidi ni kufunga njia isiyofumbwa, kusasisha programu mapema, kutoiendesha seva kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na kuziba 5269 ikiwa seva haizungumzi na nyingine.

Hata kufumba ujumbe kuna mtihani wake. Oktoba 2023 wasimamizi wa huduma ya jabber.ru, iliyokuwa na seva nchini Ujerumani katika kampuni za Hetzner na Linode, waligundua kuwa mawasiliano ya mlango 5222 yalikuwa yakinaswa njiani kwa miezi kadhaa. Mnasaji alikuwa amejipatia vyeti halali vya Let's Encrypt kwa jina la huduma hiyo, hivyo programu za watumiaji hazikushtuka. Alifichuka kwa kuwa cheti kimoja kiliisha muda bila kufanywa upya. Tangu hapo wasimamizi wamekuwa wakishauriwa kuweka rekodi ya CAA, inayotaja ni akaunti ipi pekee inayoruhusiwa kuomba cheti kwa jina lao, na kukagua mara kwa mara orodha za wazi za vyeti vilivyotolewa.